Mjomba Spana Anajibu: Kijana Aliyevaa Kaunda Suti ya Babu Yake

Mwezi huu meseji zimejaa pikipiki za kizamani tu, sijui kumetokea nini mjini, kila kijana anataka tangi la mviringo na taa ya duara. Basi toleo hili nimewapa wao lote, wenye Boxer na TVS mtanivumilia, zamu yenu inakuja.

Shikamoo mjomba. Niko Sinza, nina miaka 29. Nimeipata Royal Enfield Classic 350 kwa dalali, picha zake kali balaa, tangi la kijani, kiti cha ngozi ya kahawia. Anasema ni ya 2014, imetembea kidogo, anataka milioni 6 na kuna mtu mwingine anakuja na hela jumamosi. Mi nimezoea kuendesha Boxer ya bro tu. Nikaangalie nini? Na ni kweli hizi ni pikipiki za zamani kwahiyo zinasumbua?

Marahaba mpwa. Huyo mwingine anayekuja na hela jumamosi namfahamu vizuri, amekuwa akija na hela jumamosi toka enzi mi nanyoa panki na mpaka leo hajawahi kununua kitu. Usimkimbilie.

Tuanze na hili la uzamani maana ndo linawachanganya wengi. Royal Enfield walianza kutengeneza pikipiki Uingereza mwaka 1901, jina Bullet lipo toka 1932, India wakaanza kuziunganisha Madras mwaka 1955, baadae kiwanda cha Uingereza kikafa cha India kikabaki kinadunda mpaka leo. Sa kwenye hilo jina moja kuna pikipiki tatu tofauti kabisa. Kuna mzee mwenyewe, Bullet ya silinda ya chuma, gia mguu wa kulia breki ya nyuma mguu wa kushoto, pointi (vile vibati viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke) na kabureta. Kuna wa katikati aliyekuja kama 2009, injini na giaboksi ni kitu kimoja, gia zimerudi kushoto kama pikipiki zingine, cc 346. Alafu kuna huyu mpya wa 2021, cc 349, ana shafti ya kutuliza mtetemo na hana kiki kabisa, stata tu. Ya kwako kama kweli ni 2014 ni huyo wa katikati, yaani ni kijana aliyevaa kaunda suti ya babu yake. Ukimuona mbali unasema mzee, ukimsogelea ana simu janja mfukoni. Kwahiyo haitakusumbua kwa sababu ya uzee, itakusumbua kama aliyekuwa nayo kabla yako aliidhulumu, na hapo ndo kazi yako ya kukagua ilipo.

Na nikuibie siri moja ya injini hiyo, valvu zake zinajirekebisha zenyewe kwa presha ya oili, hakuna cha kufunga tapeti, yaani kurekebisha uwazi wa valvu kwa spana. Muuzaji akikuambia "juzi tu fundi kaifunga tapeti" ujue ama fundi alikula hela ya bure ama anakusomea maneno aliyozoea kuwasomea wateja wa boda.

Sa namna ya kukagua. Zamani kidogo nilimsindikiza kijana mmoja Buguruni kuangalia pikipiki ya aina hiyohiyo. Tumefika jamaa katoka na tabasamu, chombo kiko kivulini kimeoshwa kinang'aa. Tangi sikuliangalia, nikasogeza kiganja karibu na silinda, moto. Nikamuuliza umetoka nayo safari? Akasema hapana mzee nilikuwa naichangamsha tu. Nikamwambia basi sisi tunakunywa kahawa kwanza. Pembeni palikuwa na muuza kahawa, tukakaa kwenye benchi na kashata zetu, tukabishana Simba na Yanga mpaka ubishi ukaisha, karibu lisaa zima limekatika, nikarudi nikashika injini, baridi. Nikamwambia haya washa. Akabonyeza stata, ikalia nyenyenyenye, akapiga kiki, akapiga tena, akavua kofia, akapiga, mara ya kumi na ngapi sijui ndo ikakohoa ikatoa moshi wa bluu mpaka muuza kahawa akahamisha birika lake. Tukaaga kwa heshima zote tukaondoka.

Moshi wa bluu ni oili inaungua. Ukitoka unapowasha tu alafu ukakata mara nyingi ni sili za valvu, hiyo inazungumzika kwenye bei. Ukitoka kila unapovuta mafuta, ringi na silinda vimechoka, hapo unanunua kazi ya injini. Mweusi ni petroli nyingi, usikutishe sana, na ule mweupe mwepesi wa asubuhi unaopotea ni mvuke tu. Kwahiyo mwambie dalali mapema kabisa, nikute injini ya baridi, nikiikuta ya moto nasubiri.

Alafu angalia tairi, sio manyoya yake tu, ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, ikiandikwa 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ukikuta hizo ni tairi alizozaliwa nazo, zimekuwa ngumu kama kwato, toa bei ya tairi mbili palepale. Weka stendi kubwa, mwenzio akandamize nyuma gurudumu la mbele liinuke, zungusha handeli polepole, ikikwama katikati kama inaingia kwenye kashimo beringi za shingo zimekwisha. Spoki chukua spana ndogo uzigonge moja moja, iliyokaza inalia tiing, iliyolegea inalia kama kikombe cha plastiki. Na funua tangi umulike na tochi ya simu, kutu ya tangi ni kesi nyingine nitaisema huko chini.

Karatasi sasa. Linganisha namba ya injini na ya chasisi na zilizo kwenye kadi, usisome kwa macho tu, pitisha kidole gumba juu yake. Namba za kiwandani zina kina kimoja na mstari umenyooka, niliwahi kukuta moja 3 imegeuzwa kuwa 8, jicho halikuona kitu, kidole ndo kilishtuka. Angalia pia kwenye mfumo wa polisi kama hiyo namba ina madeni ya faini za trafiki, maana deni linakaa na chombo. Na jina la kwenye kadi liwe la huyo anayepokea hela yako, la sivyo mwenye jina aje. Hili nalisema kwa uchungu, mi mwenyewe nilishapigwa, nikanunua pikipiki yenye kadi ya mtu wa tatu, muuzaji kaniapia kuwa mwenyewe yuko Mwanza akija tu anasaini transfa twende TRA, nimempigia simu miezi saba, mwisho simu ikawa inapokelewa na mtoto anasema baba kalala, saa sita mchana.

Mwisho leseni. Hiyo ni cc 350, angalia daraja lako kama linaruhusu zaidi ya cc 125. Na ina uzito wa karibu kilo 190 na kitu, ukiizoea Boxer siku ya kwanza usijaribu kuigeuza kwenye mchanga, itakulalia.

Mjomba za kazi. Mzee wetu alifariki mwaka juzi akaacha Bullet yake ya zamani kabisa, gia kulia, iko nyumbani Magomeni. Nimeitoa stoo nikafunga betri mpya na kuweka petroli. Nikipiga kiki inarudisha mguu, juzi imenitegua kifundo. Mama anasema niiuze tu. Nafanyaje?

Pole kwa msiba, na pole kwa mguu. Nina hakika ulikuwa umevaa malapa. Huyu sasa ndo babu mwenyewe, hajavaa suti ya mtu, na ana adabu zake za kuamkiwa.

Inarudisha kwa sababu plagi inapiga cheche pistoni ikiwa bado inapanda, ukikanyaga kinyonge pistoni inasukumwa irudi ilikotoka na kiki inarudi na mguu wako. Ukanyagaji wake uko hivi, na usiruke hatua. Mafuta usivute kabisa. Fungua swichi. Angalia kale kamita ka umeme pale kwenye taa ya mbele, ukisukuma kiki taratibu kwa mguu utaona kamshale kanalala upande wa kutoa umeme alafu kanarudi katikati. Wewe sukuma mpaka uhisi kiki imegoma, hapo pistoni inabana. Kushoto kwenye handeli kuna kakono kadogo ka kuachia presha, kavute, sukuma kiki kidogo tu hadi mshale urudi katikati, achia kakono, rudisha kiki juu mpaka mwisho, alafu kanyaga mara moja kwa uzito wa mwili wote hadi chini. Sio kupapasa, kanyaga kama unaua nge. Mzee wako alikuwa anafanya hivyo kila asubuhi na wewe ulikuwa unasikia tu duk duk duk ukiwa kitandani.

Ikiendelea kurudisha hata ukifuata hayo, pointi na majira ya cheche vimesogea. Uwazi wa pointi uwe kati ya milimita 0.35 na 0.40, pima kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia uwazi, na nyuso za pointi zisafishwe maana imekaa stoo. Tafuta fundi mwenye mvi, hawa wa siku hizi wazuri wengi tu lakini wamekulia kwenye CDI, kale kaboksi ka umeme kanakotoa cheche, pointi kwao ni historia. Na oili ya zamani iliyomo umwage yote kabla hujaiendesha.

Ikiwaka usiende nayo Kariakoo. Nenda uwanja mtupu jumapili asubuhi, maana gia ya kwanza iko juu zingine chini, na mguu wa kushoto ambao umezoea gia sasa ndo breki. Siku mtoto akikatiza barabarani akili itaukimbilia mguu wa kulia, utabadilisha gia badala ya kusimama.

Kuhusu kuuza, kadi bado ina jina la marehemu, hapo huwezi kuuza wala kuhamisha kwako mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Kwahiyo una muda, ifanye iwake, mpakie mama nyuma mzunguke mtaa mara moja, alafu muulize tena.

Mambo vipi mjomba. Nina pikipiki ya Kichina cc 150, ilikuwa boda miaka mitatu, sasa nataka niikate iwe kama zile za kwenye Insta, kiti kimoja kifupi, handeli ya chini, nyuma hakuna kitu. Kuna fundi wa kuchomelea Tandika anasema siku mbili tu kamaliza. Niendelee?

Siku mbili anamaliza kukata. Kumaliza kuiendesha je?

Ila nikuchekeshe kwanza. Wenzako wananunua injini mpya yenye sura ya zamani, wewe unayo kinyume chake na hujui. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125, injini ya fimbo za kusukuma valvu, wameitengeneza makusudi kwa nchi ambazo pikipiki inabeba magunia na oili inabadilishwa mwenye nayo akikumbuka. Wachina wakaiga ule mchoro, wakaukuza, ndo pikipiki nyingi za cc 125 na 150 zilizokuja hapa. Yaani wewe una babu aliyevaa jezi ya kijana, ukimvua jezi anabaki mzee halali, na spea zake zipo mpaka kwa muuza vocha. Kwa hiyo wazo lako sio baya hata kidogo, nalipenda.

Mtindo wenyewe ulianza na vijana wa London miaka ya 1950 na 1960, wanakimbizana kutoka mgahawa mmoja hadi mwingine, wanatoa kila kitu kisichosaidia mbio. Barabara yao ina lami. Wewe una Tandika na masika. Ukitoa madigadi ya nyuma utafika kazini na mstari wa tope kuanzia kiunoni mpaka kisogoni kama kicheche, kwahiyo acha hata kafupi.

Mpangilio wa hela uwe huu, injini na breki na tairi kwanza, urembo mwisho. Pikipiki iliyopiga boda miaka mitatu shuu za breki na sproketi zake unazijua mwenyewe. Kwenye kukata, fundi asiguse chochote mbele ya pale shokapu za nyuma zinaposhika, mkia tu ndo unapunguzwa na uzibwe kwa bomba lililokunjwa, sio nondo. Kabla hajawasha mashine ya kuchomelea toa waya za betri, chomoa CDI na rektifaya (inayogeuza umeme wa injini uchaji betri), niliwahi kuletewa pikipiki nzuri ajabu imechomelewa na kila kitu kimo, kiti kimekaa, rangi imekaa, haitoi cheche.

Handeli ukiishusha zungusha kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho injini ikiwa inanguruma, kama mlio unapanda waya wa mafuta umevutika, siku unageuza taratibu itakuruka. Na mikono itauma, foleni ya Mwenge ukiwa umelalia viganja dakika arobaini utamkumbuka mjomba. Boksi la hewa usilitoe, najua hayo mafilta ya koni yanapendeza, lakini kabureta ilipimwa kwa boksi lile, ukilitoa hewa inazidi petroli, injini inachemka na plagi inakuwa nyeupe kama chaki, juu yake vumbi letu hili. Kiti nenda kwa mafundi sofa Keko, wapelekee bati lililokwisha kukatwa uwaambie sponji ngumu, nyepesi inabonyea wiki moja unakalia chuma. Taa, indiketa na saiti mira viwepo, trafiki hana Insta.

Mjomba nina Honda ya zamani ya cc 125, ikifika njiani inazima, fundi anafungua kabureta anatoa uchafu mwekundu inawaka, baada ya wiki inazima tena. Nishalipa mara nne. Tabata.

Fundi wako anafagia sebule wakati bati linavuja. Huo uchafu mwekundu ni kutu ya tangi, ataosha kabureta mpaka mstaafu wote wawili.

Toa tangi, mwaga petroli mbali na moto, toa koki uzibe tundu lake kwa boliti na mpira. Weka nati ndogondogo ndani, tikisa kwa nguvu kama unapepeta mchele, kutu ya magamba ing'oke. ZIHESABU nati kabla na baada, mi kuna moja niliisahau ikawa inaniimbia kwenye kila tuta. Mwaga, jaza siki nyeupe ya kawaida ya dukani mpaka juu, iache usiku mzima na mchana, kama kutu ni nzito siku mbili, isimwagikie rangi nje maana itaibabua. Ukimwaga suuza haraka kwa maji yenye bekini soda ili kuua makali, alafu maji safi, alafu kausha juani au kwa drai ya saluni, mke wangu ana msimamo wake juu ya hili lakini inakausha vizuri. Usiiache hivyo hata saa moja maana chuma kitupu kwa unyevu wa hapa kinaanza kupata kutu ukiwa unakiangalia, tia petroli yenye oili kidogo uizungushe ndani yote, rudisha, funga filta ndogo kwenye mpira wa mafuta. Ukiilaza muda mrefu ilale na tangi lililojaa, tangi nusu tupu hewa ya juu ndo inatoa jasho la maji.

Shikamoo mjomba. Mume wangu anataka kununua pikipiki ya kizamani, anasema itabana nauli. Tuna watoto wawili tunakaa Mbagala. Mwambie ukweli.

Marahaba mwanangu. Haitabana nauli. Pikipiki ya cc 350 ikitunzwa inakwenda kama kilomita 35 kwa lita, sio mbaya, lakini ukiweka oili, tairi, cheni na spea zinazoagizwa India hela aliyodhani anaibana inatokea mlango wa nyuma. Anaitaka kwa sababu anaipenda, na kupenda kitu sio kosa, kosa ni kukuletea hesabu za nauli. Mwambie aseme ukweli, alafu mkubaliane, hela ya kununua isichukue yote, kiasi cha kutosha tairi na sevisi ya kwanza kibaki kwako wewe. Na helmeti mbili nzuri zinunuliwe siku hiyohiyo, sio zile za boda zinazofungwa kwa uzi. Watoto wawili hawapandi, hata wakilia.

Niko Kigamboni, kromu za pikipiki yangu zinaota vidoa vya kutu kila wiki. Nipake rangi?

Usipake. Huo ni upepo wa chumvi. Chukua karatasi ya foili ya kufungia chakula, ikunjekunje, ichovye kwenye maji, sugua vile vidoa bila kutumia nguvu, foili ni laini kuliko kromu haichubui, utaona maji yanakuwa meusi na kromu inarudi. Osha kwa maji ya bomba, futa mpaka pakauke, paka nta ya gari. Yakishakuwa mashimo kabisa hakuna dawa, hapo ni kuizoea. Na ukitoka kwenye pantoni siku ya mawimbi pitisha maji baridi siku hiyohiyo usingoje jumapili. Ekzosi ikiwa ya moto usiimwagie.

Mjomba nimeagiza Yamaha SR400 kutoka Japani. Asubuhi nikipima oili kijiti kinatoka kikavu, nikaongeza lita nzima, sasa oili inatoka kwenye boksi la hewa. Injini imekufa? Mbezi Beach.

Haijakufa, umeilisha kupita kiasi. SR haiweki oili chini ya injini kama pikipiki uliyozoea, inaiweka ndani ya fremu, ndo maana kijiti kiko kule juu karibu na shingo. Ikilala oili inashuka taratibu kwenye injini, asubuhi unapima fremu tupu unapata presha bure. Iwashe, izunguke dakika kadhaa mpaka ipate moto, zima, subiri dakika mbili tatu, ndo upime. Kwa sasa mwaga ile uliyozidisha, safisha boksi la hewa, filta ya hewa kama imelowa nunua nyingine.

Na hiyo lita uliyoongeza naomba isiwe oili ya gari, klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, oili nyingi za gari zina dawa ya utelezi, utavuta mafuta mlio unapanda mwendo haupandi. Angalia kwenye galoni paandikwe JASO MA, alama ya oili ya pikipiki zenye klachi ya namna hiyo. Stata usiitafute, haipo, toka 1978 mpaka walipoaga 2021 wameiuza kwa kiki tu, hata walipoifunga injeksheni ya kunyunyiza petroli badala ya kabureta, stata hawakuiweka. Viatu utanunua.

Wanaotuma picha tafadhali, nimepokea viti kumi na moja mwezi huu. Nitumieni plagi, ile ncha yake, mchana kwenye mwanga.